Chai ni ile ile, ubepari si ule ule

(Mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa chama, Amani. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, nikaongeza namba za sheria kwa ajili ya wale walioniomba baada ya kikao.)



Nimepewa mada yenye jina refu: "Taasisi na aina za ubepari katika nchi zinazoendelea." Mwenyekiti, ukilisoma jina hilo pale kijiweni kwa bodaboda, watu watawasha pikipiki waondoke. Naomba niligeuze liwe swali moja ambalo hata bibi anayechuma chai hapa atalielewa: kwa nini jani lile lile la chai linamfanya mtu mmoja awe kibarua maisha yake yote, na mwenzake kwenye mlima mwingine awe na hisa kwenye kiwanda?

Nawaambia mapema ninakokwenda ili msichoke. Sisi vijana wa upinzani tukikaa tunabishana: serikali au sekta binafsi? Ujamaa au soko huria? Mimi nasema swali hilo limechoka. Ubepari tunao, tumekuwa nao milima hii tangu Wajerumani. Swali ni ubepari wa namna gani, na jibu lake liko kwenye mambo matatu: nani anamiliki ardhi, nani anamiliki kiwanda, na nani ana haki ya kusema hapana akasikilizwa.

Wasomi wameandika mengi juu ya hili. Douglass North, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 1993, aliziita taasisi kanuni za mchezo. Mwaka 2001 Peter Hall na David Soskice wakatoa kitabu kinachoonyesha kwamba Ujerumani na Marekani zote ni nchi za kibepari, lakini mfanyakazi, benki na kampuni wanahusiana kwa namna tofauti kabisa. Kumbe hata huko kwa mabepari wenyewe ubepari si mmoja. Lakini nadharia zile ziliandikwa kwa ajili ya nchi zenye viwanda vingi. Hapa kwetu twende na reli.

Reli moja, ubepari wa aina mbili

Reli ya Tanga Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893. Ikafika Korogwe, ikafika Mombo, na ilipofika 1911 ilikuwa Moshi. Reli moja, mkoloni mmoja, bandari moja. Sasa angalieni miisho yake miwili.

Upande huu wa Tanga kuna mkonge. Mwaka huo huo wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche, ikapona 62 tu, na kutoka hiyo yakazaliwa mashamba makubwa ya Pangani, Muheza na Korogwe. Hapa mlimani walijaribu kahawa, Derema na Bulwa, udongo ukawakataa. Mwaka 1902 wakaanzisha hapa hapa Amani taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo ilikuwa na sifa dunia nzima. Chai ikajaribiwa, mikwinini ikapandwa, mbegu zikaandikwa kwenye madaftari. Taasisi hiyo ilimtumikia nani? Mwenye shamba kubwa. Msambaa na Mbondei walihitajika kwa mikono yao tu, na walipokuwa hawatoshi au hawataki, watu wakaletwa kutoka mbali: Njombe, Songea, Kigoma. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU. Mtu akapewa namba. Ndiyo maana wazee wetu waliitwa manamba. Kuna wajukuu wa manamba humu ndani, na wala si jambo la kuonea aibu. Aibu ni ya aliyempa binadamu namba.

Nendeni mwisho wa pili wa reli, Moshi. Kule Mchagga alilima kahawa kwenye kihamba chake mwenyewe, chini ya migomba. Walowezi walitaka azuiwe, wakashindwa. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933, baada ya sheria ya ushirika ya 1932, ikazaliwa KNCU. Kahawa ikauzwa kwa pamoja, shule zikajengwa, watoto wakasomeshwa. Sipaki rangi: KNCU nayo ilikuja na amri ya kwamba kahawa yote ya wenyeji lazima ipitie kwake, na mwaka 1937 wakulima walifanya vurugu kuipinga. Lakini hata ugomvi wenyewe ulikuwa wa mwenye mali anayegombea mali yake. Manamba wa Muheza alikuwa anagombea posho.

Mnaona? Mkoloni yule yule, soko lile lile la dunia. Kilichotofautisha ni taasisi: kule mtu alibaki na ardhi na akawa na chombo cha kuuzia, huku hakubaki na vyote viwili. Tofauti hiyo mnaiona mpaka leo mkipita Moshi mkaangalia shule zilivyo nyingi.

Jani halisubiri

Sasa turudi kwenye chai, maana ndiyo inayotuzunguka hapa.

Ukilima iliki, unaianika, unaiweka juu ya dari, unasubiri bei. Maharage vilevile. Kahawa ukiikausha inakaa. Chai haiko hivyo. Jani likishachumwa lazima lifike kiwandani ndani ya saa chache, la sivyo linaungua kwenye gunia. Na baada ya wiki moja au mbili lazima uchume tena, usipochuma mti unakuwa mti kweli, shamba linageuka pori. Nyumbani huwezi kulisindika likauzika sokoni.

Maana yake nini kisheria na kiuchumi? Maana yake mkulima wa chai ana mnunuzi mmoja, yule mwenye kiwanda kilicho karibu. Mkataba hata ukiandikwa vizuri namna gani, upande mmoja una saa chache na upande wa pili una mwaka mzima. Kwenye chai, mwenye kiwanda ndiye mwenye bei. Ndiyo maana kumpa mkulima mdogo miche na mbolea bila kugusa umiliki wa kiwanda ni kumwongezea mzigo kichwani.

Wakenya walilielewa hili. Si kwamba walikuwa wema kuliko sisi. Kabla ya miaka ya 1950 Mwafrika wa Kenya alizuiwa kulima chai kabisa. Vita vya Mau Mau ndivyo vilivyomtisha mkoloni, na mwaka 1954 ukaja mpango wa Swynnerton wa kuwapa wakulima hati na mazao ya biashara ili wapoe. Wengine walipoteza ardhi kwenye upimaji huo huo, tusisahau. Lakini mwaka 1964 ikaundwa KTDA, na polepole viwanda vikajengwa katikati ya wakulima wadogo, vikasajiliwa kama kampuni, na wakulima wakawa wenye hisa. Mwaka 2000 KTDA yenyewe ikatoka mikononi mwa serikali. Leo kuna zaidi ya kampuni 50 za viwanda zilizo chini ya mfumo huo, na wakulima wadogo ndio wanaotoa zaidi ya nusu ya chai ya Kenya. Mkulima analipwa kila mwezi kwa kilo, halafu mwisho wa mwaka anapata bonasi kutokana na bei ya mnada wa Mombasa. Anachagua wakurugenzi wa kiwanda chake.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Huyu dada anatuuzia Kenya." Hapana. KTDA ina kelele nyingi: wakurugenzi wanaojilipa, bonasi zinazotofautiana sana kati ya mashariki na magharibi ya Bonde la Ufa, hadi Bunge lao likatunga Sheria mpya ya Chai mwaka 2020. Lakini sikilizeni kelele zenyewe zinavyosikika. Mkulima wa Kirinyaga anauliza, "Mkurugenzi wangu amepeleka wapi faida yangu?" Hilo ni swali la mwenye kampuni. Sisi bado tunauliza, "Kiwanda kitafunguliwa lini?"

Mponde inatufundisha nini

Na hilo la kufunguliwa silisemi hewani. Ng'ambo ya bonde la Lwengera, Bumbuli, kuna kiwanda cha chai cha Mponde. Kilijengwa enzi za serikali kumiliki kila kitu. Mwaka 1999 kikabinafsishwa kwa mpango uliomhusisha mwekezaji na chama cha wakulima, UTEGA. Kwenye karatasi ule ulikuwa mfano mzuri kuliko yote: mkulima na mwekezaji ndani ya nyumba moja.

Kilichofuata ni ugomvi wa miaka: nani hasa ni mmiliki, viongozi wa chama wanamwakilisha nani, hesabu ziko wapi. Mwaka 2013 kiwanda kikafungwa, wakulima wenyewe wakiwa mstari wa mbele kukipinga. Kikakaa miaka mingi kimya, mashamba ya chai ya wakulima wadogo yakawa vichaka, wengine wakang'oa. Serikali ikakichukua tena, kikaja kukabidhiwa kwa mifuko ya umma, PSSSF na WCF.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mponde inatuambia kwamba kuandika neno "wakulima" kwenye mkataba hakutoshi. Je, kila mkulima alikuwa na cheti cha hisa chenye jina lake? Je, mkutano mkuu ulikuwa unafanyika, hesabu zinasomwa, viongozi wanaondoshwa kwa kura? Chama cha wakulima kisicho na uchaguzi wa kweli ni mwekezaji wa pili.

Na hapa lazima tuwe wakweli, makamanda. Wengi wetu tunapenda kusema "CCM imeua viwanda" halafu tunakaa. Kuna ukweli mkubwa ndani yake. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vya ushirika kwa amri, vikaja kurudishwa kisheria mwaka 1982 vikiwa vimeshavunjika mgongo. KNCU yenyewe haikupona katika hilo. Hilo ni kosa la watawala, hakuna ubishi. Lakini mkonge? Uzalishaji ulifika takriban tani 230,000 mwaka 1964, na bei ilianza kuanguka kwa sababu ya kamba za plastiki kabla hata ya Azimio la Arusha. Tukisimama jukwaani na kusema mkonge uliuawa na Azimio peke yake, atasimama mzee mmoja wa Muheza atuumbue. Tuwe na hoja inayosimama hata akisimama mzee.

Hoja hiyo ni hii: serikali ilipotaifisha, manamba hakupata kitu. Shamba lilibadilisha jina, yeye akabaki na namba. Serikali ilipobinafsisha, shamba likabadilisha jina tena, na yeye akabaki pale pale. Mara mbili tumebadilisha mwenye mali, na hakuna hata mara moja tuliyobadilisha kanuni.

Sentensi ambayo haijabadilika

Sasa niingie kwenye eneo langu, sheria, na hapa naomba utulivu kidogo.

Mwaka 1895 Kaiser wa Ujerumani alitoa tamko kwamba ardhi isiyo na mwenyewe katika koloni hili ni mali ya dola. "Isiyo na mwenyewe" ilikuwa pamoja na shamba la Msambaa alilolipumzisha. Mwaka 1923 Waingereza wakatunga sheria yao: ardhi yote ni ya umma, chini ya Gavana. Tukapata uhuru. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda Tume ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji, ikazunguka nchi nzima kusikiliza wananchi. Tume ikapendekeza ardhi ya kijiji iwe chini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani itoke kwenye mikono ya serikali kuu. Serikali ikalikataa pendekezo hilo. Zikaja sheria za 1999, Na. 4 ya Ardhi na Na. 5 ya Ardhi ya Vijiji, na sentensi ile ikabaki: ardhi yote ni ya umma, mdhamini ni Rais.

Someni kifungu cha 4 cha Sheria Na. 5. Rais anaweza kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla kwa manufaa ya umma, na sheria inasema manufaa ya umma ni pamoja na uwekezaji wenye maslahi ya taifa. Kama eneo ni chini ya hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji unaweza kukubali au kukataa. Likizidi hekta 250, mkutano unatoa mapendekezo tu, anayeamua ni Waziri. Yaani kadiri wanavyotaka kuchukua kikubwa ndivyo sauti yako inavyopungua. Jamani, hii ni sheria ya nchi huru!

Watu wa hapa hamhitaji kufundishwa hili na mimi. Mnalijua suala la Derema. Kulikuwa na wakulima zaidi ya 1,000 waliokuwa na iliki chini ya miti, na eneo lile likatakiwa kuwa ushoroba wa kuunganisha msitu wa Amani na misitu ya kaskazini. Msitu unahitajika, simpingi anayetunza msitu. Maji ya Zigi yanayonywewa Tanga mjini yanatoka huku. Ila sheria inasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Malipo yalichukua miaka kadhaa, na yalihesabu mazao, hayakuhesabu ardhi yenyewe. Kwa nini? Kwa sababu ya sentensi ile ile. Ukiwa na iliki juu ya ardhi ambayo kwenye karatasi si yako, unalipwa iliki.

Na msidhani haya ni ya milimani tu. Mwaka 2018 Bunge lilibadilisha sheria, fedha za ushuru wa korosho ghafi zilizokuwa zinarudi kwenye zao zikaenda zote Mfuko Mkuu wa Hazina. Novemba mwaka huo huo jeshi likaambiwa likusanye korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilisikika tamu. Lakini mkulima wa Mtwara hakuulizwa kuhusu ushuru, wala hakuulizwa kuhusu jeshi. Leo bei nzuri kwa amri, kesho hakuna malipo kwa amri.

Kisambaa kina maneno ya zamani: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Wazee walimpima mtawala kwa hayo mawili. Hawakumuuliza wewe ni wa mrengo gani. Walimuuliza mvua iko wapi, chakula kiko wapi.

Tudai nini

Katiba Mpya tunaidai, na tutaendelea kuidai. Lakini mtu wa Kwamkoro akikuuliza Katiba Mpya itaweka nini mezani kwake, uwe na jibu. Mimi napendekeza haya matatu.

La kwanza: Mkutano Mkuu wa Kijiji uwe na haki ya kukataa bila kujali ukubwa wa eneo, na haki hiyo iandikwe kwenye Katiba ili Waziri asiweze kuizunguka.

La pili: kiwanda chochote cha mazao yanayoharibika haraka kinachobinafsishwa au kufufuliwa kwa fedha za umma, chai, mkonge, miwa, kitenge hisa kwa wanaokiletea malighafi. Hisa zenye majina ya watu, zinazorithiwa, zenye kura. Hisa zisizokaa mfukoni mwa mwenyekiti.

La tatu: ushirika uwe wa wanaushirika. Sheria ya 2013 imempa Mrajis na Tume mamlaka makubwa juu ya vyama hivi. Ukaguzi wa hesabu tunautaka, tena mkali. Ila nani aongoze liamuliwe na wanachama kwa kura.

Mtu atasema, "Mwekezaji akisikia hivyo atakimbia." Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji apishe. Mwekezaji makini anaogopa zaidi kiwanda kufungwa miaka kwa ugomvi, kama kilivyofungwa Mponde, kuliko anavyoogopa mkulima mwenye hisa.

Mwisho, kuna jambo la kufanya hata kabla sheria haijabadilika. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2024 tuliona wagombea wetu wengi wakienguliwa, na wengi mlikata tamaa. Lakini Mkutano Mkuu wa Kijiji hauna fomu ya kuchukua. Kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe. Kisheria unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Hakuna mtu anayeweza kukuengua pale. Mara ngapi mmekwenda mwaka huu? Naona watu wanacheka, wengine wanaangalia simu.

Basi mkutano ujao nendeni. Nendeni na daftari. Ulizeni kijiji kina hekta ngapi, kina cheti cha ardhi ya kijiji au hakina, na kama kuna mkataba wowote na mwekezaji, usomwe mbele ya watu. Mkijibiwa, andikeni. Msipojibiwa, andikeni tarehe, na mtuletee. Sisi tunaosoma sheria kazi yetu ianzie hapo.

 Mwenyekiti, nakurudishia meza, maswali yaje.